Honda Rebel 300 kwa Anayeanza Kuendesha Pikipiki
Kwa mtu anayetafuta pikipiki ya kwanza, Honda Rebel 300, iliyoingia sokoni mwaka 2017, ina sifa moja ninayoiweka mbele ya nyingine zote: kiti chake kiko milimita 690 tu kutoka ardhini, hivyo hata mfupi wa kimo huweza kukanyaga chini kwa miguu yote miwili anaposimama. Injini yake ya silinda moja, yenye sentimita za ujazo 286, huvuta kwa upole, na upole huo humpa mwanafunzi nafasi ya kuzoea kuachia klachi (wenzo wa mkononi unaotenganisha injini na gurudumu) taratibu mpaka ahisi pikipiki ikianza kusogea, ndipo aongeze mafuta.

Zoezi la breki ndilo ninalolisisitiza zaidi. Uzito unapohamia mbele, gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kusimamisha chombo, kwa hiyo breki yake ibanwe hatua kwa hatua, pikipiki ikiwa imenyooka, wala isikamatwe ghafla. Ndiyo maana ningechagua toleo lenye mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, hata likiwa ghali zaidi. Nafasi finyu ya abiria hainisumbui, maana anayeanza hapaswi kubeba mtu.