Kanzidata ya WIDE: Hodari wa Kuvunja Wastani, Dhaifu kwa Wasiohesabiwa

Anayetaka kujua iwapo ahadi ya mwaka 2015, yaani Lengo la 4 la Maendeleo Endelevu la Umoja wa Mataifa, linalohusu elimu bora kwa wote, inawafikia watoto wote au wenye nacho tu, hana budi kuifungua WIDE, kanzidata ya UNESCO kuhusu ukosefu wa usawa katika elimu. Kazi yake hasa ni kuuvunja wastani wa taifa, na inaifanya vizuri.

Ukichagua kiashiria, tuseme kumaliza elimu ya msingi, kila nchi hujitokeza kama mstari wenye vitone, kimoja cha kaya maskini zaidi na kingine cha kaya zenye uwezo mkubwa zaidi, na mara nyingi umbali kati yake hukufanya uutilie shaka wastani wenyewe. Uhondo wake uko katika kuunganisha vigezo: ukiweka jinsia, makazi na hali ya mali kwa pamoja, unamwona msichana wa kijijini anayetoka kaya maskini, ambaye takwimu ya "wasichana" kwa ujumla humficha kabisa.

Hata hivyo, kanzidata hii inadai msomaji makini. Takwimu zake nyingi hutokana na tafiti za kaya, ambazo kwa kawaida hupima mali kwa vitu kama aina ya sakafu, choo na umiliki wa redio, kisha kaya hugawanywa katika mafungu matano ndani ya nchi husika. Kwa hiyo fungu la chini la nchi moja linaweza kuwa na hali nafuu kuliko la nchi nyingine, jambo ambalo waandishi wa maombi ya ufadhili hulisahau kwa urahisi wa kutia shaka. Kiwango cha kumaliza shule nacho hupimwa kwa waliopita umri wa darasa la mwisho kwa miaka 3 hadi 5, hivyo sera ya mwaka huu haimo.

Kasoro nzito zaidi imo katika chanzo chenyewe. Mdodosaji hupiga hodi kwenye kaya. Mtoto wa mtaani au anayelelewa katika taasisi hana mlango wa kupigiwa hodi, na wafugaji wanaohamahama pamoja na wakimbizi wa kambini mara nyingi huachwa nje ya sampuli. Shabaha ya 4.5, sehemu ya Lengo hilo la 4 inayohusu usawa katika elimu, inawataja waziwazi watu wenye ulemavu, ilhali tafiti nyingi za zamani hazikuuliza habari zao kwa namna inayolinganishika.

Kwa mwanahabari, mwanafunzi au mpangaji wa bajeti ya elimu, naipendekeza bila kusita, mradi mwaka wa utafiti usomwe kabla ya kunukuu asilimia yoyote.