Uzoefu wangu na chakula cha chumvi kidogo ndani ya ndege: kibandiko kipo, namba hakuna

Natoa nyota moja, tena kwa sababu tu trei ilifika. Ziko safari ambazo hata trei haifiki.

Nasafiri sana kwa ndege kwa ajili ya kazi, na nina presha. Daktari ameniwekea kikomo kilekile ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima wote: sodiamu, ile madini iliyomo ndani ya chumvi, chini ya miligramu 2,000 kwa siku, yaani chumvi isiyofika gramu 5. Kijiko kimoja cha chai hakijai. Kila ninachokula nakiingiza kwenye programu ya simu, na nikiwa chini sina shida, napika mwenyewe na kupima mwenyewe. Shughuli inaanza nikishafunga mkanda.

Safari ninayoisema ilikuwa ya usiku, ndefu, miezi kadhaa iliyopita. Nilifanya kila wanachotaka. Chakula maalumu huagizwa mapema, mashirika mengi yanataka angalau saa 24 kabla ya kuruka, na mimi niliagiza siku ileile niliyokata tiketi. Nilichagua LSML, ambayo ndiyo alama ya chakula cha chumvi kidogo karibu kila shirika. Kwenye kaunta nikauliza tena, nikajibiwa ipo kwenye mfumo.

Trei ikaja kabla ya za wenzangu, kama ilivyo kawaida ya vyakula maalumu. Juu ya foili kibandiko cheupe, namba ya kiti changu na zile herufi nne. Nikafurahi. Nikafunua: kipande cha kuku kwenye mchuzi mwekundu mzito. Pembeni kipande cha jibini kilichofungwa, pakiti ya biskuti za chumvi, na ndani ya kile kifuko cha uma na kijiko, kijipakiti cha chumvi. Kwenye trei ya mgonjwa wa presha!

Nikageuza jibini nikasoma lebo: chumvi gramu 0.4. Biskuti: gramu 0.5. Kwa ambaye hajawahi kuhangaika na haya, lebo za Ulaya huandika chumvi na za Marekani huandika sodiamu, kwa hiyo ukishika ya Ulaya unagawa kwa 2.5 ndipo unapata sodiamu. Nikagawa. Miligramu 360 kwa vitu vya pembeni peke yake, karibu moja ya tano ya siku yangu nzima, na kuku sijamgusa. Na habari za huyo kuku ndizo nilizozihitaji zaidi, kwa sababu mchuzi hauna lebo.

Kuna watakaosema si uonje tu. Huko juu ulimi hauaminiki. Hewa ndani ya ndege inakuwa kama ya mtu aliye mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 hivi, na ni kavu mno, unyevu chini ya asilimia 20. Pua inakauka, ladha ya chumvi na ya sukari inafifia. Chakula kinachokuunguza kwa chumvi mezani, angani unakiona kimepooza. Mimi ninayeishi kwa kupima nabaki sina kipimo chochote isipokuwa namba, na namba hawatoi.

Nikamwita mhudumu, kwa adabu kabisa.

"Samahani kaka, naomba kujua huu mchuzi una sodiamu kiasi gani. Kama kuna karatasi ya maelezo huko jikoni, nitaisoma hapo hapo nikurudishie."

"Dada, hicho hakina chumvi. Kimeandikwa hapo juu."

"Kimeandikwa chumvi kidogo, kaka. Na nimepewa biskuti za chumvi, tazama."

Akanyanyuka, akasema kwa sauti iliyofika safu za nyuma: "Dada, kama unaumwa kiasi hicho, uwe unabeba chakula chako." Akasukuma toroli, akaenda zake.

Nilihisi uso unawaka. Jirani yangu aligeuka kunitazama. Mfanyakazi mwenzangu, ambaye sijawahi kumwambia habari za presha yangu, alikuwa amekaa nyuma yangu na alisikia kila neno. Ugonjwa wangu ulitangazwa mbele za watu kwa sababu niliuliza swali moja kuhusu chakula nilichokilipia ndani ya tiketi.

Na hilo la kubeba chakula, nani amewaambia hatubebi? Mayai ya kuchemsha, karanga zisizo na chumvi na mkate nimeshabeba sana. Lakini mtindi na supu vinahesabiwa kuwa vimiminika, na tangu mwaka 2006 chombo kikizidi mililita 100 kinaishia kwenye pipa la ukaguzi, isipokuwa kwenye viwanja vichache vilivyoanza kulegeza kwa sababu ya mashine mpya. Matunda unayobaki nayo, nchi nyingine haziruhusu uingie nayo. Ukiunganisha ndege mbili ndefu, mayai ya asubuhi yanakuwa hatari kuliko hiyo chumvi yenyewe. Mhudumu anayajua yote haya, yuko kwenye kazi hiyo kila wiki.

Kinachonikera kuliko hata yale maneno ni kwamba namba ipo. Chakula cha ndege hakipikwi angani. Kinapikwa chini kwenye jiko kubwa, kinapoozwa haraka, kinapakiwa, na huko juu kinapashwa moto tu kwenye oveni. Jiko linalotoa trei kwa maelfu halipiki kwa kukisia, linapika kwa mizani na kwa maelekezo yaliyoandikwa. Mtu fulani huko alipima chumvi ya mchuzi wangu. Anaijua. Mimi ninayekwenda kuula ndiye nisiyeruhusiwa kujua.

Sikuula. Nilikula viazi viwili vilivyokuwa mbali na mchuzi, nikalala na njaa. Programu nayo haikusaidia, maana inafuata saa ya simu: ukiruka kuelekea mashariki siku inakatika katikati, na chakula cha jioni unakikuta kwenye tarehe usiyoitarajia. Siku hizi naacha simu kwenye saa za nilikotoka mpaka nifike hotelini, na hilo nampendekezea yeyote anayefuatilia lishe yake.

Sasa nisiwe mtu wa kusema upande mmoja. Baadaye nilisafiri na shirika jingine, LSML ileile, na mama mmoja wa makamo aliyekuwa anahudumu aliinama mpaka tukawa uso kwa uso. Akaniambia polepole: "Namba sina mwanangu, sitakudanganya. Ila nakuletea sahani ya matunda, na mchuzi nitakutolea pembeni, utaamua mwenyewe." Yule mama angepata nyota tano hata leo, na ni kwa ajili yake nilitaka kupandisha huduma hii hadi tatu.

Lakini nikiwaza vizuri siwezi. Wema wake si huduma, ni bahati, na afya yangu siwezi kuipeleka kwenye bahati. Isitoshe lile shirika la kwanza nililiandikia barua pepe, nikaambatisha picha za trei, nikauliza kitu kimoja: miligramu ngapi? Wakajibu kwamba vyakula vyao vinaandaliwa kwa viwango vya kimataifa na kwamba wanathamini maoni yangu. Nikaandika tena. Jibu lilelile, herufi kwa herufi. Hata ile nyota moja sasa naona nimewapa bure.

Hata hivyo nitaendelea kuagiza LSML, na kama una presha agiza, kwa sababu trei ya kawaida ina hatari zaidi. Ukibadilishiwa ndege au kiti, uliza upya, oda mara nyingi haikufuati. Piga picha kila lebo kabla hujafungua, kijipakiti cha chumvi rudisha mkononi mwao, na mchuzi uache. Nao kampuni waache kutuambia habari za viwango. Kwenye kile kibandiko, chini ya namba ya kiti, kuna nafasi tele. Wachapishe miligramu hapo.