Ushuru wa sukari au njia za miguu?

Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kwamba thuluthi moja ya Wakenya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na mijini hali ilikuwa mbaya zaidi. Ili kupunguza uzito huo, Nairobi ianzie wapi: ushuru wa vinywaji vyenye sukari, au njia salama za kutembea?

Uingereza tangu 2018 hutoza vinywaji kulingana na sukari iliyomo, na viwanda vingi vilipunguza sukari hata kabla ushuru haujaanza. Kwetu Kenya ushuru hutozwa kwa lita, hata maji ya chupa yamo. Soda tamu kupindukia haiadhibiwi kwa utamu wake.

Njia za miguu? Sera ya Kaunti ya Nairobi ya 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa watembea kwa miguu na baiskeli. Lakini pita Jogoo Road jioni: bodaboda imepanda njia ya miguu, mtaro hauna kifuniko, mama na mtoto wanashuka barabarani. Na mkazi wa Mukuru, mtaa wa mabanda, tayari hutembea kwenda Industrial Area, eneo la viwanda, kila siku. Anachokosa ni usalama.

Mimi ningeanza na ushuru. Sheria hurekebishwa ndani ya mwaka mmoja wa bajeti, na fedha zake zijenge hizo njia, Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, kwanza.