TAHADHARI: Kuna "fundi wa alaimenti" anawauzia watu ekseli za trekta wasizozihitaji

Wakuu naomba mnisikilize, hasa nyie wenye trekta za zamani zile zinazovuta kwa tairi za nyuma tu. Kuna jamaa anapita mashambani anajiita fundi wa alaimenti (kunyoosha tairi za mbele ziende sawa), na huyo huyo ndo muuza spea, na anachofanya ni wizi mtupu. Shemeji yangu kaachiwa trekta mbovu kuliko ilivyokuwa na ekseli yake nzima imebebwa, imeniuma sana.

Gia yake ni hii. Anasimama mbele ya trekta anakuonyesha tairi za mbele zilivyolala, yaani juu zimetanuka chini zimeingia ndani, anakwambia unaona hii ekseli imepinda, siku yoyote inakatika, ila bahati yako mimi ninayo nyingine safi, nipe hela na hii mbovu naibeba niitupe. Hajainua jeki, hajashika tepu, hajatikisa hata tairi moja! Sasa ukweli ni kwamba trekta nyingi za zamani zimetoka kiwandani hivyo hivyo, tairi za mbele zinalazwa makusudi juu zitanuke kidogo ili usukani usiwe mzito. Zikiwa zimelala sawasawa kulia na kushoto hapo hakuna ugonjwa. Cha kutilia shaka ni tairi moja kulala kuliko mwenzake, na hata hapo unaanza na beringi, kingpini (pini ambayo tairi ya mbele inageukia ukikata kona) na bushi zake kabla hujaisingizia ekseli.

Ubaya wa pili ni boljointi alizofunga, yaani vile viungo vya mviringo vya fimbo za usukani. Alisema mpya, rangi inang'aa, tulipokwangua rangi tukakuta za zamani zimechomelewa pembeni ili zisicheze. Jamani hii inaua. Boljointi lazima izunguke, ukiichomelea inakaza, kila ukikata kona inajipinda yenyewe mpaka inakatika, na ikikatika ukiwa barabarani na tela limejaa tairi moja inaenda kwake na wewe umeshika usukani usio na kazi. Na kingpini zilizoisha amezishindilia grisi nzito, ukizitikisa siku hiyo zimetulia, ukilima kidogo tu zinaanza kugonga tena.

Kwahiyo kabla hujampa mtu yeyote hela pima mwenyewe, vitu vyenyewe ni jeki, tepu na chaki. Anza na upepo, tairi za mbele ziwe sawa zote mbili maana moja ikiwa laini trekta inavuta upande huo na watu wanadhani ni alaimenti. Afu tairi zikiwa chini mwambie mtu achezeshe usukani kulia kushoto polepole, wewe shika kila jointi kwa mkono kuanzia kwenye boksi la usukani mpaka kwenye tairi. Ukisikia upande mmoja wa jointi unatembea na wa pili unachelewa basi umeshaipata iliyolegea.

Halafu weka magogo tairi za nyuma, inua mbele, na weka stendi imara, usitegemee jeki peke yake kwasababu ekseli ya mbele inabembea kwenye pini ya katikati na trekta inaweza kukulalia. Shika tairi juu na chini uitikise. Hapa watu wengi wanachanganya, angalia kwa makini kinachotembea ni nini: kama habu (kitovu cha tairi) inacheza juu ya mguu wake (chuma kinachobeba tairi) ni beringi, kama mguu wenyewe unacheza ndani ya ekseli ni kingpini na bushi. Angalia na pini ya katikati, ekseli ikienda mbele na nyuma kwa nguvu ya mkono tu bushi yake imekwisha.

Vyote vilivyolegea vikishabadilishwa ndo unapima. Fundi anayeseti alaimenti huku jointi zinacheza anakula hela yako bure, kesho itakuwa imehama. Nyoosha usukani, weka alama ya chaki kwenye rimu zote mbili upande wa mbele kwenye usawa wa habu, pima umbali kati ya alama, kisha sukuma trekta mpaka alama zile zile zifike nyuma kwenye usawa huo huo, pima tena. Ukitumia alama zile zile hata rimu iliyopinda haikudanganyi. Mbele panatakiwa pawe pamebana kuliko nyuma kwa milimita chache tu, trekta nyingi za aina hii ziko kati ya 0 na 12, kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha trekta yako. Mbele pakiwa pamepanuka kuliko nyuma ndo unakuta usukani unatangatanga na tairi zinalika haraka, ukipitisha mkono kwa kukata tairi upande mmoja unateleza na ukirudi unakwaruza.

Na kitu kingine, kama uliwahi kupanua ekseli kwa ajili ya mistari ya mazao hesabu matundu ya kulia na kushoto, na fimbo za usukani ziwe zimerefushwa kwa kiasi hicho hicho. Ya shemeji tatizo la mwanzo lilikuwa hili tu! Fimbo ya upande mmoja haikurefushwa, kazi ya spana mbili, jamaa akaigeuza kuwa ekseli nzima.

Akija kwako mwambie aonyeshe kwa mkono sehemu inayocheza na aandike kipimo cha mbele na cha nyuma kabla ya kazi na baada ya kazi. Spea ije haina rangi mpya juu yake au muikwangue pamoja. Spea ya zamani inabaki kwako, usikubali aibebe hata akisema ni chuma chakavu, maana nina uhakika ekseli nzima anayoibeba hapa ndo anayoenda kumuuzia mwingine kule. Na kama tayari amekufungia boljointi trekta isiingie barabarani kwanza, kwangua rangi uangalie.