Baiskeli ya Zamani ya Kufufua Nyumbani: Ipi Inunuliwe Kwanza, Ipi Iachwe

Mtu anayetaka kufufua baiskeli ya zamani uani kwake huanza kwa kutafuta jina, na mara nyingi jina hilo ni Raleigh. Nami nilianza hivyo hivyo, nikajuta. Baada ya baiskeli tano kupita mikononi mwangu hapa Tanga, ambako upepo wa bahari haumwachii fundi chuma kikavu hata kwa wiki moja, nimeacha kupanga baiskeli kwa umaarufu wake. Ninazipanga kwa swali moja tu: ni viungo vingapi vya asili bado viko mahali pake, na je, vile vilivyokosekana vinapatikana dukani? Rangi hupakwa upya na kiti hushonwa upya, lakini kikombe cha goroli chenye nyuzi za skrubu zisizouzwa popote mjini kinaweza kuilaza baiskeli ukutani mwaka mzima.

Kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza ninaipa Phoenix ya Shanghai, ile nyeusi yenye breki za vyuma, iwapo imekamilika. Najua wapenzi wa baiskeli za Kiingereza watanuna. Hata hivyo, kwa anayeanza hakuna shule bora kuliko hiyo, kwa kuwa fremu yake ni nzito na imara, na mafundi wa mitaani wanaifahamu kwa mkono bila hata kuitazama. Kinachopaswa kuangaliwa kwa makini ni magurudumu. Breki za vyuma huvuta mipira yake juu ili ibane uso wa ndani wa rimu, yaani ule unaotazama katikati ya gurudumu, na kwa sababu hiyo huhitaji rimu iliyoviringwa maalumu kwa kazi hiyo. Mwenye baiskeli akishafunga rimu za breki za pembeni kwa sababu ndizo alizozipata kwa bei nafuu, baiskeli itakwenda vizuri lakini haitasimama. Vivyo hivyo, tairi iliyoandikwa 28 × 1½ hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635, na tairi iliyoandikwa 700C, ambayo ni ya milimita 622, haiingii hapo hata ukiilazimisha kwa vijiko vitatu vya kuvulia tairi.

Nafasi ya pili ni Raleigh ya Nottingham. Ninaiweka ya pili kwa shingo upande, kwani kwa utengenezaji inaipita Phoenix kwa mbali: viungo vya fremu vimelainishwa vizuri, na gia ya mbele mara nyingi imechongwa vichwa vya ndege korongo, alama ya kampuni. Shida yake ni nyuzi za skrubu. Kwa miaka mingi Raleigh ilitumia nyuzi 26 kwa kila inchi katika bomba fupi la chini linalobeba ekseli ya pedali, wakati kipimo cha kawaida cha Kiingereza ni nyuzi 24, na kipenyo kinalingana kiasi kwamba jicho haliwezi kutofautisha. Kikombe cha nyuzi 24 kikifungwa humo huzunguka vizuri mara moja au mbili, kisha kinakaza, na fundi asiyejua hudhani ni kutu, hivyo anaongeza spana ndefu na kulitafuna bomba lote.

Ndivyo ilivyokuwa Raleigh yangu ya kwanza. Niliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa ameitunza sebuleni pamoja na kengele yake na dainamo yake, nikalipa bila kutoa hata nati moja. Nyumbani nilipotoa kikombe cha kushoto, vipande vya chuma vyembamba kama nywele vilidondoka kwenye gazeti nililotandika, na hapo nikafahamu kwamba fundi fulani alikwisha kupita kabla yangu. Tangu siku hiyo sinunui Raleigh kabla ya kuzungusha pedali kinyumenyume huku nimeweka kiganja juu ya bomba la kiti: goroli zilizokwisha husikika kama mchanga, na ekseli isiyokaa sawa huyumba.

Mnunuzi afahamu pia kwamba si kila Raleigh ilitoka Uingereza, kwa maana India ilikuwa na kiwanda cha Sen-Raleigh mjini Asansol. Ikiwa baiskeli ina gia tatu za Sturmey-Archer ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, futa grisi na usome: baada ya herufi AW, jina la aina ya habu hiyo, kwa kawaida kuna tarakimu mbili za mwaka, kwa mfano 58 au 65. Hiyo ni tarehe ya habu, na habu huhama kutoka gurudumu moja hadi jingine, kwa hiyo usiichukulie kuwa cheti cha kuzaliwa cha baiskeli nzima. Hesabu na spoku. Magurudumu ya Kiingereza ya aina hii yalikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, wakati rimu nyingi za leo zimetobolewa matundu 36, ya mbele na ya nyuma sawa, hivyo rimu ya nyuma iliyooza ni sababu ya kutosha ya kudai bei ipunguzwe sana.

Kabla ya kulipia baiskeli yoyote, chukua uzi. Funga ncha moja kwenye kishikio cha ekseli ya nyuma, uuzungushe mbele ya bomba la usukani, kisha uurudishe upande wa pili kwenye kishikio cha pili na uukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimita tatu hivi, fremu imepinda. Pitisha pia kidole chini ya mabomba mawili nyuma tu ya usukani, mahali ambapo ajali ya kugonga ukuta huacha mkunjo mdogo ambao rangi huuficha machoni lakini hauwezi kuufichia ngozi.

Nafasi ya tatu ni BSA, Humber na Rudge, ambazo zote zilikuja kumilikiwa na Raleigh: Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943 na BSA mwaka 1957. Humber hujulikana kwa uma wa mbele wenye mabomba mawili kila upande, na Rudge kwa mkono uliochongwa katika gia ya mbele. Ni nzuri mno kuzitazama, na ni ngumu mno kuzikamilisha: ukikosa uma huo wa Humber, ulichonacho ni baiskeli ya kawaida yenye nembo. Zinunue tu zikiwa kamili.

Hero na Avon za Ludhiana, India, ninaziweka nafasi ya nne kwa anayetaka kufufua, ila ni za kwanza kwa anayetaka kubadilisha. Ukitaka kukata madigadi, kugeuza usukani au kupaka rangi ya ndimu, fanya hivyo kwenye Hero, kwa sababu ukikosea hujaharibu kitu ambacho hakitapatikana tena. Zoezi la kutoa kotapini, ile pini inayobana mkono wa pedali kwenye ekseli, nalo lianzie hapo: legeza nati hadi ilingane na ncha ya pini, simamisha kipande cha bomba la chuma kati ya mkono wa pedali na sakafu, kisha piga pigo moja zito la nyundo, kwa kuwa mapigo kumi mepesi hukunja pini na kuumiza goroli.

Ya mwisho kabisa ni ile iliyokwisha kupakwa rangi inayong'aa, ambayo muuzaji huiita mpya. Ilaze chali, ukwangue kidogo chini ya bomba la ekseli ya pedali, mahali ambapo maji ya miaka yote hutulia. Kucha ikiinua rangi pamoja na unga wa kahawia, mrudishie mwenyewe baiskeli yake.