Kipimo cha Moyo kwa Wanamichezo Malindi: Wavulana Wanahudumiwa Vyema Kuliko Wasichana

Kliniki moja ya kibinafsi mjini Malindi hutoa huduma ya kupima moyo kwa wanamichezo kabla ya msimu wa mashindano, na kwa kuwa klabu ninayoisimamia ina timu ya wanaume na ya wanawake, nimepata kuitazama huduma hiyo kwa pande zote mbili. Kwa shilingi 2,000, mchezaji hujaza fomu, hupimwa presha, husikilizwa kifua, kisha hufanyiwa kipimo cha ECG kinachochora mwenendo wa umeme wa moyo. Bei ni nafuu na majibu hutoka siku iyo hiyo.

Kwa wavulana sina lawama kubwa. Mashine ilipochapisha kwamba moyo wa winga wetu una kasoro, daktari hakuikubali hukumu hiyo. Alitueleza kwamba kwa wanamichezo wenye asili ya Kiafrika, wimbi la T, yaani sehemu ya mchoro inayoonyesha moyo ukijiandaa upya baada ya pigo, likiwa limepinduka kwenye nyaya za V1 hadi V4, ambazo ni nne kati ya zile za kifuani, likitanguliwa na mstari uliopanda mfano wa kuba, mara nyingi ni matokeo ya mazoezi na si maradhi. Daktari asiyejua hilo angemfungia kijana mwenye afya njia ya kucheza. Hata hivyo, alikuwa makini kutafuta unene usio wa kawaida wa misuli ya moyo, hali iliyotajwa baada ya kifo cha Marc-Vivien Foé, mchezaji wa Kameruni aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003.

Kwamba huduma imepangwa kwa kumfikiria mwanamume kunaeleweka, kwa sababu vifo vya ghafla vya moyo michezoni huwapata wanaume zaidi. Miongoni mwa wanamichezo wa vyuo vikuu vya Marekani, tofauti iliyoonekana ilikuwa takriban mara tatu. Lakini uchache wa vifo vya wanawake si sababu ya kuwapima kwa kigezo kisicho chao. Maiti za wanamichezo wa kike zinapochunguzwa, hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume kwamba moyo hauonyeshi kasoro yoyote ya umbo, na hapo shaka huelekea kwenye umeme wake. Baada ya kubaleghe, muda wa QT, yaani muda ambao moyo hutumia kusukuma damu na kujiandaa upya, huwa mrefu zaidi kwa wanawake, na ndiyo maana kikomo kinachotumiwa kwa wanamichezo ni milisekunde 470 kwa wanaume na 480 kwa wanawake. Karatasi za kliniki hii zina kikomo kimoja tu, 470. Kiungo wetu wa kike aliyepata 474 aliandikiwa asimamishwe mazoezi, mpaka tulipomwomba daktari aipime karatasi upya kwa mkono.

Fomu nayo ni dhaifu. Haiulizi dawa, ilhali huku kwetu malaria haijaisha, na kwinini, pamoja na baadhi ya antibiotiki, hurefusha huo muda wa QT. Inauliza kama kuna ugonjwa wa moyo katika familia, na kila mtu hujibu hapana. Lingeulizwa kama kuna ndugu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50, au, kwa sisi watu wa bahari, mjuzi wa kuogelea aliyezama kwenye maji matulivu, kwani iko aina ya kurithi ya hitilafu hii ya QT kuwa ndefu mno, ambayo huweza kuvuruga mapigo ya moyo ghafla mtu akiwa anaogelea.

Faragha ndiyo iliyoniudhi zaidi. Vibandiko sita kati ya kumi huwekwa kifuani, na asubuhi mhudumu ni mwanamume, nyuma ya pazia lisilofika ukutani. Baadhi ya wasichana walivaa mabuibui yao wakaondoka bila kupimwa. Mchana huwa na nesi wa kike, na kazi yake ni ya kupigiwa mfano: humfunika mchezaji kwa leso, huweka vibandiko chini ya titi panapostahili, huku akisema, "Tulia mwanangu, usizungumze, pumua kawaida tu." Waombeni miadi ya mchana.

Kliniki pia huwafundisha makocha kukandamiza kifua na kutumia mashine ya kushtua moyo, na mkufunzi alisisitiza, kwa uwazi niliouheshimu, kwamba nguo ya mwanamke aliyeanguka ifunguliwe bila kusita, kwa kuwa wanawake wanaoanguka hadharani husaidiwa kwa uchache kuliko wanaume. Tatizo ni kwamba mashine yenyewe hubaki kliniki. Kutoka hapo hadi uwanjani kwetu ni safari ya tuktuk, na pasipo kukandamizwa kifua, kila dakika inayopita kabla ya mshtuko hupunguza uwezekano wa kuokoka kwa asilimia 7 hadi 10.