Gomesi yangu ilibaki garini: kusafiri Kampala bila kampuni kubwa

Nilitoka kuichukua gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda, kwa fundi mtaa wa Kiyembe, naelekea Ntinda, na kwanjula ya binamu yangu (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) ni kesho yake. Gari nililiita kwa programu ya kampuni moja kubwa. Niliposhtuka kwamba gomesi imebaki kwenye kiti cha nyuma, safari ilikuwa imefungwa na nambari ya dereva haionekani tena. Nikaandikia kampuni. Jibu: "Tunasikitika." Siku nne nilisikitikiwa na mashine. Kwenye kwanjula nilivaa gomesi ya kuazima, imenibana hadi nikashindwa kupiga magoti vizuri.

Tangu siku hiyo, mtu akinisifia usafiri wa mtu kwa mtu, usio na kampuni katikati, bei na kasi siulizi. Nauliza: nikisahau mzigo, nampigia nani?

Wa kwanza kwangu ni stegi, kituo cha boda cha mtaani. Msicheke. Boda zilianzia mpakani, Busia na Malaba, zikiwa baiskeli za kuvusha watu, na hakuna aliyengoja programu. Kijana haegeshi pikipiki stegini bila kulipa kiingilio na kukubaliwa na wenzake, na mwenyekiti anajua anakolala. Mwaka jana nilisahau simu kwenye boda ya stegi yetu. Sijamaliza hata kumweleza mwenyekiti, mwenye boda huyo anarudi: "Nyabo, simu yako inalia sana, nimeogopa ni mumeo." Ubaya upo: bei utabishana, usiku stegi hupungua watu, na helmeti ya abiria mara nyingi hakuna. Lakini weka nambari ya mwenyekiti kwenye simu yako leo.

Ya pili ni inDrive, na hapa sijifichi, naipenda. Ndiyo, ni kampuni. Ila ilianzia kwa watu wenyewe: Yakutsk, Siberia, mwishoni mwa 2012, baridi kali, teksi zikapandisha bei, wakazi wakafungua kundi mtandaoni la kupeana usafiri kwa bei ya kukubaliana. Mpaka sasa wewe unataja bei, dereva anataja yake, mnavutana kama mko soko la Owino. Kwa gari la kwenda Entebbe sifungui kitu kingine. Dawa yangu ya mzigo: nampigia dereva mwenyewe kabla sijapanda ili nambari yake ibaki kwangu, kisha napiga picha ya namba ya gari.

Ya tatu naipanga kwa wivu tu. Bengaluru, India, wana Namma Yatri tangu 2022: dereva hulipa ada ya siku badala ya kukatwa asilimia kila safari, na msimbo wa programu yake uko wazi kwa anayetaka kuunakili. New York ushirika wa madereva wenyewe ulianza kubeba abiria 2021. Sisi sako za boda, vyama vya akiba na mikopo, tunazo tele, na bado tunakatwa.

Hizi programu za usafiri za blokucheni, yaani daftari la mtandaoni lisilofutika na lisilo na mwenyewe mmoja, nimezisoma hadi macho yakauma. Arcade City ilivuma Austin, Texas, Uber na Lyft zilipoondoka 2016, na watu wakawa wanaitana ndani ya kundi la Facebook. Mapinduzi dhidi ya makampuni, ndani ya Facebook! Sisi wa Uganda tuliofungiwa Facebook Januari 2021 tungeitana wapi? Na blokucheni itakumbuka nauli yangu milele, gomesi haitaikumbuka.

LibreTaxi, nyingine ya kuitana bila kampuni, ni ya bure, iko Telegram, dereva unamlipa taslimu. Basi.

Halafu bando. Tulianza na kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, mwaka 2018, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando Julai 2021. Nalipa kodi hiyo nione kigari kikizunguka kwenye ramani, kisha dereva anapiga: "Uko wapi?" Niko pale pale kwenye alama, ssebo!

Gomesi ni ya zambarau, vifungo vya dhahabu. Mshipi wake uko kwangu.